Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kampuni Yenye Odi Nono Hukwama Mlangoni

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja. Kuna kampuni za kubashiri mtandaoni ambazo odi zake (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) zinawazidi wengine wote, lakini mtu aliye Marekani au Ufaransa akijaribu kujisajili anakutana na ujumbe kwamba huduma haipatikani alipo. Wengine wanauliza kama ni woga, wengine wanashuku njama. Tumeanza na hesabu, maana aliyeruka hesabu hataelewa yanayofuata.

Nasikia watu wakisema kampuni fulani ina "faida nyembamba". Huo wembamba unapimwaje? Mimi naona odi tu. — Mbashiri wa wikendi

Unapimwa kwa kikokotoo cha simu, ndugu yetu, na haichukui dakika. Chukua odi za matokeo yote ya mechi moja, gawanya 1 kwa kila odi, kisha jumlisha. Tuseme nyumbani 2.60, sare 3.40, ugenini 2.90. Unapata 0.3846, 0.2941 na 0.3448, jumla ni 1.0235. Kama kampuni isingebakiza kitu, jumla ingekuwa 1 kamili. Kilichozidi ndicho kinachoilisha. Ili kujua inabakiza kiasi gani katika kila dau, gawanya 1 kwa hiyo jumla na utoe jibu kwenye 1: ni kama asilimia 2.3.

Sasa mechi hiyohiyo kwa kampuni nyingine: 2.45, 3.20, 2.70. Jumla ni 1.091, na fungu la kampuni linakuwa asilimia 8.3. Kwa macho odi hizi zinakaribiana, na wengi hupita bila kushtuka. Lakini zisuke kwenye mkeka, yaani dau moja linalounganisha mechi kadhaa, wa mechi tano za namna hiyo uone: fungu la kampuni ya kwanza linapanda hadi karibu asilimia 11, la pili linafika asilimia 35. Ndiyo maana kampuni nene, yaani zenye fungu kubwa, hukusukumia mikeka kila unapofungua programu yao, na kampuni nyembamba, zenye fungu dogo, huishi kwa dau la mechi moja moja.

Mimi ni mhasibu na sielewi malalamiko haya. Nchi moja inatoza asilimia 5 ya dau, nyingine asilimia 20 ya mapato. Iweje kampuni ikimbie asilimia 5 na kuingia kwenye 20? — Mhasibu

Kwa sababu ni asilimia za vitu viwili tofauti, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mapato ghafi ni dau zote ukitoa ulizowalipa washindi. Kodi ya mapato ghafi hukata kipande cha ulichobaki nacho. Kodi ya dau hukata kabla hujajua kama utabaki na chochote.

Weka kampuni mbili zilizopokea dau za milioni 100 kila moja, kwa sarafu yoyote. Ile nyembamba inabakiza asilimia 2.5, yaani milioni 2.5. Ile nene inabakiza asilimia 9, milioni 9. Zitoze asilimia 20 ya mapato ghafi: nyembamba inalipa laki 5 na kubaki na milioni 2, nene inalipa milioni 1.8 na kubaki na 7.2. Zote zinapumua. Sasa zitoze asilimia 5 ya dau. Kila moja inalipa milioni 5. Nene inabaki na milioni 4, na nyembamba ina deni la milioni 2.5 kabla haijalipa mshahara hata wa mlinzi. Kwake hiyo kodi "ndogo" ni asilimia 200 ya mapato.

Mifano halisi ipo. Ujerumani imekuwa ikitoza kodi ya dau tangu 2012, kwanza asilimia 5, na tangu Julai 2021 asilimia 5.3. Poland inatoza asilimia 12 ya dau, na hapo hata kampuni nene hazibebi mzigo huo peke yake: mara nyingi mteja akiweka 100, kinachofanya kazi ni 88. Odi ya 1.95 iliyoandikwa kwenye skrini inamlipa 171.60, yaani kwa kweli amebashiri kwa odi ya 1.716. Kampuni nyembamba ikiingia huko, unono wote unaishia kwenye tangazo.

Marekani inakupa kila aina ya kodi katika nchi moja. Serikali ya shirikisho inachukua asilimia 0.25 ya kila dau. Ni kidogo hata kampuni nene haihisi. Inaila asilimia 2.8 tu ya mapato yake. Kwa nyembamba ni laki mbili na nusu katika milioni mbili na nusu, yaani fungu la kumi limeondoka kabla jimbo halijanyoosha mkono. New York inachukua asilimia 51 ya mapato ghafi. Ukijumlisha na ile ya shirikisho, nyembamba inabaki na dola 975,000 katika kila milioni 100 ya dau, nene inabaki na milioni 4.16. Tennessee tangu Julai 2023 inatoza asilimia 1.85 ya dau. Namba hiyo inaonekana ya kirafiki, lakini inaimeza asilimia 74 ya mapato ya kampuni nyembamba. Kwa nene ni karibu asilimia 21.

Illinois ina kioja chake. Tangu Julai 2025 jimbo linatoza kwa idadi ya dau: senti 25 kwa kila dau katika milioni 20 za kwanza za mwaka kwa kila mwenye leseni, na senti 50 kwa kila linalozidi hapo. Kampuni nyembamba ikipokea dau la dola 10, faida yake ya kutarajiwa ni senti 25. Imekwisha, hata karatasi ya risiti haijalipiwa. Lakini ikipokea dau la dola 1,000, inatarajia dola 25, na senti 25 hazionekani. Kwa hiyo kodi hii inamuumiza zaidi anayetegemea dau ndogondogo, na kati ya kodi za dau tulizotaja, ukiacha ile ya shirikisho, ndiyo pekee ambayo kampuni nyembamba yenye wateja wakubwa ingeweza kuivumilia. Baadhi ya makampuni yalimgeuzia mteja ada hiyo, mengine yakapandisha kima cha chini cha dau. Tatizo ni kwamba ada hii haikufuta kodi ya mapato iliyokuwepo: Illinois inatoza kwa ngazi, kuanzia asilimia 20 hadi 40. Zote mbili zinalipwa.

Kwa hiyo, mhasibu wetu, ukisikia kiwango cha kodi, usishtuke wala usifurahi. Uliza kwanza: asilimia ya nini?

Kama shida ni faida kuwa ndogo, si wapunguze odi kidogo tu waingie sokoni? Mbona wanafanya mambo magumu? — Msomaji asiyeelewa

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye jinsi kampuni hizi zinavyopanga bei.

Kampuni nene hupanga odi kwa kutazama wenzake, huongeza fungu lake, kisha huwachuja wateja. Anayeshinda mara kwa mara anabanwa: jana aliruhusiwa kuweka 500, leo mfumo unakubali 5. Kampuni nyembamba inamkaribisha huyohuyo. Inafungua soko kwa viwango vidogo vya dau, mbashiri mkali anaweka pesa upande anaoona umekosewa bei, kampuni inasogeza odi, na anaruhusiwa kurudi kwa bei mpya. Kadiri mechi inavyokaribia odi inazidi kusafishwa na viwango vya dau vinapanda. Kwa lugha ya sokoni, mbashiri mkali analipwa kidogo kwa kazi ya kurekebisha bei. Faida inatoka kwa wengi wanaokuja baadaye na kuweka pesa nyingi kwenye bei ambayo tayari ni sahihi.

Sasa punguza odi. Toka 1.95 kwa 1.95 uende 1.87 kwa 1.87. Wa kwanza kuondoka ni wale wakali, kwa sababu faida yao ni asilimia mbili tatu tu na umeila. Wakiondoka, bei zako hazina tena anayezisahihisha. Wanaobaki ni wateja wa kawaida, na hao utawapata kwa nini? Jirani yako mnene ana bonasi, matangazo kwenye jezi, mikeka yenye nyongeza. Wewe ulikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, bei, na umekiuza.

Halafu kuna nchi ambako hata hiari hiyo huna, kwa sababu sheria inakupangia bei. Ufaransa ilipofungua soko lake kwa sheria ya Mei 2010, iliweka kikomo cha kile ambacho kampuni inaweza kuwarudishia wabashiri: asilimia 85 ya dau kwa wastani. Sababu zilizotolewa ni kupunguza uraibu na kuziba mianya ya kutakatisha pesa. Kampuni inayorudisha asilimia 97 inavunja sheria kwa kufanya kazi yake vizuri. Tennessee nayo, ilipofungua soko Novemba 2020, ilidai kila kampuni ibakize angalau asilimia 10 kwa mwaka. Sharti hilo ndilo lililoondolewa 2023, na mahali pake ikaja ile kodi ya asilimia 1.85 ya dau. Mlango ulifunguliwa, kizingiti kikainuliwa.

Marekani si ilifungua ubashiri 2018? Miaka imepita, mbona kampuni kama Pinnacle hazijarudi? — Mwanafunzi wa sheria

Kilichofunguliwa mwaka 2018 ni kufuli moja kati ya kadhaa. Tuzipange, maana watu huzichanganya.

Sheria ya 1992, iitwayo PASPA, iliyazuia majimbo kuruhusu ubashiri wa michezo, isipokuwa yale machache yaliyokuwa nao, Nevada likiwa ndilo kubwa. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta tarehe 14 Mei 2018 katika kesi ya Murphy dhidi ya NCAA. Uamuzi ule haukuhalalisha ubashiri nchi nzima. Ulisema tu kwamba kila jimbo lijiamulie.

Sheria ya Oktoba 2006, UIGEA, inalenga malipo: inazuia kupokea pesa za ubashiri wa mtandaoni uliokatazwa. Ndiyo iliyoifanya Pinnacle ifunge akaunti za wateja wa Marekani Januari 2007. Sheria hiyo bado ipo.

Na ipo Wire Act ya 1961, ambayo ndiyo inayoiuma kampuni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Inakataza kupitisha dau za michezo kwa njia ya mawasiliano kutoka jimbo moja hadi jingine. Kila jimbo linageuka kisima chake peke yake.

Kwa nini hilo ni tatizo? Kwa sababu ya ukwasi, yaani wingi wa pesa unaopatikana pande zote mbili za soko. Kampuni nyembamba ikipokea laki moja upande wa wenyeji, inahitaji pesa ije haraka upande wa pili, au iwe na mahali pa kupunguzia mzigo. Ikiwa na wateja wa dunia nzima kwenye kapu moja, pesa hiyo inakuja. Ikiwa imefungiwa ndani ya jimbo ambalo karibu kila mtu anaishabikia timu moja, Jumapili nzima pesa inakuja upande mmoja. Kampuni nene inastahimili, ina asilimia 9 za kujikinga. Nyembamba ina njia mbili: kupunguza viwango vya dau, au kunenepesha fungu lake. Zote mbili zinaua sifa iliyomleta mteja.

Ongeza gharama za kuingia, ambazo hulipwa upya katika kila jimbo. Majimbo mengi yamefunga leseni ya mtandaoni kwenye kasino au uwanja wa mbio za farasi uliopo, hivyo mgeni anaingia kwa mgongo wa mwenyeji na kumgawia sehemu ya mapato, mara nyingi pamoja na kiasi cha chini ambacho lazima kilipwe, biashara iwe nzuri au mbaya. Pennsylvania inataka dola milioni 10 za leseni na asilimia 36 ya mapato. Fanya hesabu: kwa kila milioni 100 ya dau, nyembamba inabaki na milioni 1.35 baada ya kodi ya jimbo na ya shirikisho. Itahitaji dau za milioni 740 ili kurudisha ada ya leseni tu. Nene itahitaji kama milioni 181. New York ada ni milioni 25.

Kuna na doa la zamani. Wanaotoa leseni huuliza kama mwombaji aliwahi kupokea wateja wa nchi yao bila kibali, na kampuni iliyofanya kazi kutoka Curaçao kabla ya 2007 ina maelezo ya kutoa. Hilo linarefusha safari, lakini kwa maoni yetu si ndilo linalowazuia. Hesabu ndizo zinazozuia.

Ushahidi wetu ni kwamba pale hesabu zinapokubali, wanaingia. Ontario, Kanada, ilifungua soko Aprili 2022 kwa mgao wa takriban asilimia 20 ya mapato, bila kuweka kikomo cha idadi ya leseni, na Pinnacle ni miongoni mwa walioingia. Circa Sports ya Las Vegas, inayojulikana kwa kupokea dau kubwa, ilipotoka Nevada kwenye kodi ya asilimia 6.75 ilielekea kwanza Colorado, asilimia 10, na Iowa, asilimia 6.75. Tazama namba hizo uone njia waliyoifuata.

Tuna mpango wa kuomba leseni kwa kampuni ndogo yenye odi nzuri. Tukague nini kabla ya kulipa wakili? — Wabia watatu

Kagueni kwa mpangilio huu, na mkikwama katika hatua yoyote simameni hapohapo. Msijipe moyo kwamba hatua inayofuata itafidia.

Anzeni na kila tozo inayohesabiwa kwa dau: kodi, ada ya mdhibiti, mchango wa michezo, ada ya shirikisho la ligi. Zijumlisheni. Zikizidi theluthi moja ya fungu lenu, acheni. Kwa fungu la asilimia 2.5 hiyo ni kama asilimia 0.8 ya dau. Someni pia mikataba ya takwimu. Majimbo kama Illinois, Tennessee na Michigan yanadai takwimu rasmi za ligi kwa ubashiri wa mechi inayoendelea, na muuzaji anajua hamna pengine pa kwenda. Mkataba unaodai sehemu ya mapato mnaweza kuubeba. Unaodai sehemu ya dau utawazika.

Kisha njia za malipo. Mteja anaweka 100 kwa kadi na benki inawakata 2.50. Akiizungusha pesa hiyo mara tatu, dau ni 300 na fungu lenu ni 7.50, theluthi imekwenda benki. Akibashiri mara moja na kutoa, mmepata 2.50 na kulipa 2.50. Wekeni sharti la kuzungusha amana angalau mara moja kabla ya kutoa, na toeni uhamisho wa bure mara moja kwa mwezi tu. Hapo bado hamjahesabu ukaguzi wa utambulisho wa kila mteja mpya, na ukaguzi wa mahali alipo, ambao unarudiwa mara nyingi katika kikao kimoja na kulipiwa kila mara.

Bei ya kumpata mteja ndiyo inayowavunja wengi. Tuseme matangazo yanawagharimu 300 kwa kila anayejisajili na kubashiri. Mtahitaji dau za 12,000 kutoka kwake ili kurudisha pesa hiyo. Mwenzenu mnene anahitaji 3,333. Na bonasi isahauni kabisa. Bonasi ya 100 inayotakiwa kuzungushwa mara tano inazalisha dau za 500, ambazo kwenu ni 12.50. Mnene akiielekeza kwenye mikeka ya mechi tano anarudisha 175. Mkijaribu kushindana naye hapo mnampelekea mboga.

La mwisho wengi hawalikagui, nalo ni jinsi kodi inavyohesabu miezi ya hasara. Chukueni dau 1,000 kwa mwezi, za 100 kila moja, kwa odi ya 1.95, na tuchukulie kwamba kila dau linasimama peke yake. Mnatarajia 2,500, lakini mtikisiko wa kawaida ni kama 3,100 juu au chini. Maana yake karibu mwezi 1 kati ya 5 mtaumaliza kwa hasara bila kukosea kitu. Kwa odi ya 1.82, ya kampuni nene, hasara hiyo hutokea takriban mara 1 katika 1,000. Dau zikiwa 10,000 nanyi mnatulia, nafasi ya hasara inashuka chini ya asilimia 1, lakini kampuni mpya kwenye soko dogo haifiki huko haraka.

Sasa tuseme miezi mitatu imekwenda hivi: faida 6,000, hasara 4,000, faida 5,500. Mmepata 7,500 kwa jumla. Sheria ikiruhusu hasara ihamie mwezi unaofuata, asilimia 20 ni 1,500. Isiporuhusu, mnatozwa kwa 11,500, yaani 2,300, na kodi yenu ya asilimia 20 imekuwa karibu 31. Kampuni nene haioni tofauti, haina miezi ya hasara ya kuhamisha. Ndiyo maana kifungu hiki hakipigiwi kelele mswada unapojadiliwa. Kitafuteni wenyewe.

Na msiingie bila akiba. Fedha za wateja ziwekwe kando, halafu muwe na mtaji wa kubeba angalau miezi miwili mibaya mfululizo. Kampuni nyingi za odi nono huanguka zikiwa na hesabu sahihi na mfuko mtupu.

Nikitumia VPN kuingia kwenye kampuni ya nje yenye odi nzuri, kuna ubaya gani? — Asiyetaka kutajwa

Kuweka pesa kutakuwa rahisi. Utabanwa siku ya kutoa. Hapo ndipo wanapoomba kitambulisho, uthibitisho wa makazi na chanzo cha malipo, na anwani yako haitalingana na nchi uliyodai. Masharti uliyoyakubali bila kuyasoma yanaipa kampuni haki ya kufuta dau zako, na huwezi kumlalamikia mdhibiti wa nchi yako kuhusu kampuni asiyoipa leseni. Usifanye.

Je, masoko ambako watu hubashiriana wenyewe kwa wenyewe si dawa? Huko kampuni haihitaji fungu kubwa. — Mpenda hesabu

Yangekuwa dawa kama wenye kutoza wangekubali kuyatazama tofauti. Betfair, mojawapo ya masoko hayo, ililipeleka suala hilo mahakamani Australia. Mamlaka ya mbio za farasi ya New South Wales ilitoza asilimia 1.5 ya dau kwa kutumia ratiba za mbio zake. Betfair, inayoishi kwa kamisheni ndogo, ilidai kwamba ada moja kwa wote inamuumiza mwenye faida nyembamba kuliko mwenye faida nene, kwa hiyo ni ubaguzi wa kibiashara. Mahakama Kuu ya Australia ilikataa hoja hiyo Machi 2012. Ada ikiwa sawa kwa wote, mahakama haikuona ubaguzi katika ukweli kwamba baadhi wanabakiza kidogo. Kwa anayepanga kuingia soko lolote, hukumu ile ni somo ghali alilolipiwa na mwingine.

Kinachoendelea Marekani ni njia ya kuzunguka ukuta. Kalshi, soko la mtandaoni la mikataba, inasimamiwa na CFTC, chombo cha shirikisho cha masoko ya mikataba ya bidhaa, na tangu 2025 inauza mikataba ya matokeo ya michezo. Kwa hoja yake hiyo si ubashiri, ni biashara ya mikataba, hivyo haihitaji leseni ya kila jimbo, hailipi ile asilimia 51 ya New York, na wateja wa nchi nzima wanakaa kwenye kapu moja. Kile ambacho Wire Act inamnyima mwenye leseni ya jimbo, huyu anakipata kwa kubadili jina la bidhaa. Majimbo kadhaa hayajakubali na mvutano umefika mahakamani.

Ila usidhani ni bure. Kila mkataba hulipa dola 1 ukipatia, na unaununua kwa bei iliyo chini ya hapo. Kanuni yake ya kawaida ya ada ni 0.07 mara bei mara kilichobaki kufika dola 1. Mkataba wa senti 50 unatozwa senti 1.75, ambayo ni asilimia 3.5 ya pesa uliyoweka. Odi ya 1.95 kwa 1.95 inakukata asilimia 2.5. Faida ya mkataba inaonekana kwenye bei za pembeni: wa senti 90 unatozwa senti 0.63, asilimia 0.7 tu. Kwa hiyo anayependa timu yenye nafasi kubwa ya kushinda atapata nafuu huko, na anayecheza mechi za nusu kwa nusu atalipa zaidi ya ambavyo angelipa kwa kampuni nyembamba ambayo jimbo lake limeifungia nje.